Viatu vya Mguu wa Kulia

Picha aliyonitumia mama ilikuwa ya Jovitus, ndugu yangu wa ukoo, siku ya harusi yake. Suti ya kijivu, ua jekundu kifuani, bibi harusi amemshika mkono, na miguuni viatu vyeusi vipya vinavyong'aa. Niliitazama nikiwa nimekaa juu ya robota stooni, nikatabasamu. Kisha nikaikuza. Kiatu cha mguu wa kushoto kilikuwa kimejaa upande mmoja, kana kwamba kuna kitu ndani kinatafuta njia ya kutokea. Viatu vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kulia.

"Tulimkataza," mama alisema kwenye ujumbe wa sauti. "Akasema akitembea polepole hakuna atakayeona. Sasa ukumbini si wakamwambia acheze? Amecheza, mwanangu. Leo hawezi kukanyaga chini."

Nilijua viatu hivyo vimetoka wapi. Nilikuwa nimekalia wenzao.

Hapa Liuhua, mjini Guangzhou, kwenye masoko ya jumla yanayozunguka stesheni ya treni, duka la viatu huweka rafuni mguu wa kulia tu wa kila aina. Mteja anauona, anaagiza, kiwanda kinamtengenezea jozi. Msimu ukiisha, hiyo miguu isiyo na jozi inatupwa. Baba mdogo Nikodemu aligundua kwamba anayekubali kuiondoa hupendwa na wenye maduka. Aligundua pia kwamba kule Zhongda, kwenye soko kubwa la vitambaa, karakana za kushona zinalia na milima ya vipande vinavyobaki chini ya cherehani. Anavichukua vyote, anavifunga marobota, anajazia nafasi zinazobaki kwenye makontena ya mizigo anayosafirisha. Kontena likifika nyumbani, marobota hayo yanapelekwa kijijini kwetu Itekelo, na Jumapili padri anatangaza: zawadi kutoka kwa mwana wetu Nikodemu aliyeko China. Watu wanapiga makofi. Nikodemu ndiye aliyeezeka kanisa, kwa hiyo makofi huwa marefu.

Baba mdogo ni binamu wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenileta Guangzhou. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea afya ya mazingira, nina cheti na sina kazi. Alinikatia tiketi, akanipa stoo niisimamie, nikajifunza Kichina cha sokoni, nikawa mkalimani wake. Viza yangu anaishughulikia yeye. Chumba ninacholala ni chake. Sikuwahi kumjibu. Kusema kweli sikuwahi kumjibu mtu yeyote. Hata dukani mtu akinipita kwenye foleni, mimi ndiye ninayesogea ili apite vizuri.

Lakini usiku ule sikulala vizuri kwa sababu ya mguu wa Jovitus, na asubuhi mama akapiga simu.

Ili uelewe alichoniomba, lazima uijue sheria yetu. Itekelo tuna sheria moja ya usafi, na hakuna mtaalamu aliyetuletea. Ilizaliwa baada ya kipindupindu, akina mama walipochoka kuzika. Kila Jumamosi saa moja asubuhi nyumba zote hufagia mpaka barabarani. Kila nyumba ina shimo la vinavyooza na shimo la visivyooza. Taka ikiokotwa njiani au mtoni haitupwi kimyakimya. Inaulizwa ni ya nani. Kisha akina mama wanaibeba mpaka mlangoni kwa mwenyewe, wanaitandikia jani la mgomba, wanaiweka, wanasimama. Waliobeba hawasemi neno. Mwenye nyumba anatoka, anaipokea kwa mikono miwili, anasema, "Nimepokea." Basi. Wanamsaidia kuipeleka shimoni na safari inaendelea.

Padri amepokea. Mwalimu mkuu amepokea chupa zake za bia. Mama yangu, Bibiana, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi, alipokea mfuko wa sukari uliopeperushwa na upepo kutoka uani kwake. Kuletewa si aibu. Aibu ni kukataa. Na ukishasema umepokea, neno halirudi: kila taka ya namna hiyo itakayookotwa, ya leo na ya zamani, ni yako.

Sheria ina mpaka mmoja. Huruhusiwi kuacha kitu mlangoni kwa mtu asiyekuwepo. Kwetu anayefanya hivyo huitwa mchawi.

"Korongo la kijito limejaa," mama alisema. "Vile vipande havifai hata kushonea mto. Tulivifukia, mvua ikavifukua. Vimeshuka mpaka kwenye chanzo cha bomba, vimeziba, maji yanatoka na rangi. Watoto wanaharisha, Kissa. Unakumbuka tulikotoka."

Nilikumbuka.

"Nikasema tumpelekee mwenyewe. Ile nyumba yake ya kilimani imefungwa, haina mtu. Kasmir akakataa." Kasmir ni mwenyekiti wa kijiji. "Anasema tukiziweka taka pale tunamroga mtu aliyeezeka kanisa. Anasema Nikodemu mwenyewe hajapokea, kwa hiyo si zake."

"Sasa ni za nani?"

"Anasema ni za Mungu." Mama alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Wanawake wamechoka. Wananiuliza kwa nini mke wa fundi arudishiwe kopo moja na tajiri asirudishiwe mlima. Sina jibu. Jumamosi hii wasipolipata jibu, mafagio yanawekwa chini. Wameshasema."

Nikaketi kitandani.

"Wewe uko karibu na mlango wake, mwanangu. Tunataka neno lake tu. Aseme amepokea, sisi tusikie, Kasmir asikie. Mengine tutafanya wenyewe."

"Mama, mimi siwezi kusema naye."

"Nani kakwambia useme? Anayebeba hasemi."

Ijumaa nilitumwa Zhongda kuchukua vipande vya karakana ya mapazia, vya kujazia kontena la Jumamosi. Mwenye karakana ni mama wa makamo, mnene, mcheshi. Laoban, yaani bosi, lakini alikuwa anabeba magunia pamoja nasi, mimi na dereva, huku akiimba. Alinimenyea chungwa. Alinionyesha ukutani kibendera chekundu chenye maandishi ya dhahabu, tuzo ya usafi waliyopewa na watu wa mtaa.

"Mwambie bosi wako asante," alisema. "Zamani hapa uani usingeweza kupita. Sasa sisi ndio wasafi kuliko wote barabara nzima."

Niliutazama ua ule. Kweli ulikuwa msafi. Saruji imeoshwa, ndoo zimepangwa kwa rangi, hata uzi haupo chini. Chungwa nikalitia mfukoni. Sikumkasirikia yeye. Alikuwa anafanya alichofanya mama yangu, anaondoa taka mlangoni kwake, na hakujua zinakwenda wapi. Baba mdogo alijua. Alikunywa maji ya kijito kile tangu alipokuwa ananyonya. Aliogea pale. Mwaka jana nilipomwonyesha picha ya korongo, kwa sauti ndogo, nikiwa nimeshika mlango tayari kutoka, alisema, "Maskini hachagui, Kissa," akarudi kwenye simu yake.

Niliyatazama magunia yakipanda garini nikahisi kitu kinapanda kifuani mwangu. Nilidhani ni kilio. Nimezoea kulia. Hakikuwa kilio.

Jumamosi, saa sita mchana ya Guangzhou ni saa moja asubuhi ya Itekelo. Gari la kupeleka kontena bandarini Huangpu lilitarajiwa alasiri. Stoo yetu iko chini ya jengo lilelile lenye ofisi ya baba mdogo, na kuna lifti ya mizigo. Nilifungua robota la viatu na magunia ya vipande, nikapakia kwenye mkokoteni wa stoo, nikapanda.

Jani la mgomba sikuwa nalo. Nilitandika boksi safi mbele ya mlango wake. Nikamwaga. Viatu viliporomoka kwa kelele mpaka ukuta wa pili, vya kike, vya kiume, vya visigino, vya mpira, kisha vipande vya mapazia juu yake. Nikampigia mama kwa video, nikaishika simu mbele ya kifua, kioo kikiwa kimeelekea mlangoni. Kabla sijaigeuza niliwaona akina mama wamejipanga na mafagio yao, wamejitanda khanga kwa ajili ya ukungu. Kasmir alikuwa pembeni na koti lake refu. Nikabisha.

Baba mdogo alifungua. Nyuma yake alikuwa Dismas, mfanyabiashara wa Iringa aliyekuja kununua mapazia. Nusu ya kontena ilikuwa yake.

"Nini hiki?" baba mdogo aliuliza.

Nikasogeza miguu ikae sambamba.

"Kissa. Nimekuuliza."

Mlango wa pili ukafunguka. Wilfried, Mkongomani wa Lubumbashi anayesafirisha simu, akatoa kichwa. "Eh, patron," alisema, "minaona umefungua butiki mpya."

Dismas alikuwa ameshachuchumaa. Aliokota kiatu cha kahawia, akakigeuza, akakinusa. "Mzee Niko, hiki ngozi kabisa. Mwenzake yuko wapi?"

"Achana navyo, Dismas."

"Ngoja kwanza." Alipekua. Aliokota kingine, akakiweka pembeni ya kile cha kwanza. Akaokota kingine. "Cha kulia. Hiki nacho cha kulia. Mbona vyote vya kulia? Wa kushoto wamekwenda wapi?"

"Bamekimbia," Wilfried alisema. "Bameona mambo ya patron, bakakimbia."

Dismas alicheka. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa ameona boksi lililotandikwa, na miguu yangu iliyosimama sambamba, na simu kifuani mwangu. Mtoto wa Itekelo hahitaji kuelezwa. Uso wake ulibadilika.

"Shikamoo, shemeji," alisema, akiitazama simu.

"Marahaba, Nikodemu," mama alijibu. "Tumekuletea."

"Shemeji, hizi ni zawadi. Kanisa zima lilipiga makofi."

"Tulipiga. Tulikuwa hatujafungua."

Mwanamke mmoja nyuma ya mama akasema, "Mwambie tumefungua sasa," na wengine wakaguna.

"Mimi nimewaezekea kanisa," baba mdogo alisema. "Nani mwingine kawakumbuka? Mnakaa huko mnapekua zawadi za watu. Kama hamna shukrani semeni." Akanigeukia, akashusha sauti. "Na wewe. Kimya chako chote kile, kumbe unanitengenezea hiki. Nilikuokota huko na cheti chako, nikakulisha. Ondoa takataka hizi kabla sijahesabu... Ondoa."

Mwenyewe alikuwa ametaja jina halisi la mzigo ule: takataka. Mwaka mzima ziliitwa zawadi. Nilimtazama machoni. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumtazama machoni. Nilitaka kumwambia juu ya Jovitus, juu ya maji yenye rangi, juu ya kibendera chekundu kinachoning'inia Zhongda kwa gharama ya matumbo ya watoto wetu. Anayebeba hasemi. Nikashukuru kwamba sheria ilikuwa upande wa watu kama mimi.

"Wanataka nini hasa?" Dismas aliuliza.

Mama alimwelekeza yeye, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Baba, kwetu aliyeletewa anasema amepokea. Akishasema, sisi tunaondoka. Asiposema tunasimama."

"Mpaka lini?"

"Tunasimama tu, baba. Tumekuja na uji."

Dismas alimgeukia baba mdogo. "Mzee, si useme? Gari la Huangpu linakuja, na mizigo yangu haijafungwa."

"Sema, patron," Wilfried alisema. "Neno moja, bamama baende kazi."

Wakati huo watu wengine wa ghorofa walikuwa wameanza kutoka ofisini. Mchina wa ofisi ya mwisho alisimama na kikombe chake cha chai, akitazama viatu. Baba mdogo alitazama korido nzima, akatazama simu, na nikamwona akichagua. Alichagua kucheka. Ni mtu wa soko, anajua mzaha unavyoweza kumtoa mtu kwenye aibu. Na nadhani miaka ya Guangzhou ilikuwa imemfanya aamini kwamba neno la Itekelo linaishia Itekelo.

Aliinama kwa madaha, akaokota kiatu cha kike chenye kisigino kirefu, akakiinua kwa mikono miwili kama padri anavyoinua kikombe.

"Haya, akina mama wa Itekelo," alisema. "Nimepokea. Nimepokea viatu, nimepokea na vitambaa, nimepokea vya leo na vya mwaka jana. Mmefurahi?"

Wilfried alipiga makofi. Baba mdogo akanirushia kile kiatu. Kilinigonga begani. "Rudisha vyote kwenye kontena," alisema.

Niliigeuza simu kidogo ili nami nione. Mama aligeuka taratibu.

"Mwenyekiti, umesikia?"

Kasmir alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Alikohoa. "Nimesikia."

"Amepokea?"

"Amepokea."

"Basi bebeni," mama alisema.

Hapo ndipo picha ilipotikisika, na nikaona kilichokuwa nyuma yao. Hawakuja mikono mitupu. Walikuwa wameanza kulizoa korongo tangu Alhamisi. Magunia yalipangwa kando ya njia mpaka macho yangu yalipoishia, yanatiririka maji ya kahawia. Waliinama wakaanza kuyabeba, wawili wawili, wakashika njia ya kilimani.

Baba mdogo alinyakua simu mkononi mwangu. "Shemeji, mnakwenda wapi? Shemeji Bibiana."

"Mlangoni kwako."

"Kule hakuna mtu."

"Tunajua. Lakini umepokea, hakuna mchawi hapa."

"Ile baraza nimeweka vigae vyeupe. Kasmir. Wewe Kasmir, wazuie."

"Mikono yangu imefungwa, Nikodemu," Kasmir alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Umesema mwenyewe. Ungesema viatu tu, ningejaribu. Umesema na vya mwaka jana."

Baba mdogo alinirudishia simu, karibu anibamize nayo. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Jumatatu unarudi nyumbani," aliniambia. "Viza hiyo isahau. Chumba hicho kisahau. Na kabla hujaenda utavipakia hivi kwa mikono yako."

"Hapana," nilisema.

Lilitoka dogo. Nilisubiri dunia ianguke. Haikuanguka, kwa hiyo nikaendelea. "Nyumbani nitarudi. Hivi havirudi na mimi."

Dismas alikuwa bado amechuchumaa na jozi yake ya miguu ya kulia. Aliviweka chini polepole, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mzee Niko," alisema, "mizigo yangu haitakwenda pamoja na hizi. Nusu ya kontena ni yangu. Zikiingia, mimi natoka."

"Dismas, huelewi. Hivi ni vya kujazia tu."

"Nimeelewa. Na mimi nina kijiji."

Mlinzi wa jengo alifika kwa lifti. Korido ilikuwa imezibwa, na hapa korido ikizibwa hakuna mzaha, ni sheria ya kujikinga na moto. Alinyoosha kidole kwenye rundo, akauliza kwa Kichina ni vya nani. Baba mdogo aliinua mkono kunionyesha mimi, na Wilfried, kwa Kichina chake kilichovunjika, akamwahi.

"Ni vya laoban. Amesema mwenyewe. Mbele ya bote."

Mlinzi alimgeukia baba mdogo. Alimwambia aviondoe sasa hivi, na asivitupe kwenye mapipa ya jengo, mapipa hayo si ya viatu. Baba mdogo aliuliza basi avipeleke wapi. Mlinzi aliinua mabega. Vya kwako, alisema. Utajua wewe.

Nilimwacha amepiga magoti kwenye boksi, suti yake nzuri ikigusa sakafu, anajaza gunia kiatu kimoja kimoja. Moyo wangu, ninavyoujua, ungetaka niiname nimsaidie, maana sheria yetu inasema aliyepokea husaidiwa. Nilisimama nikasubiri huruma inijie. Bega lilikuwa linauma. Niliondoka.

Nilikaa ngazini, simu magotini. Kule kilimani walikuwa wamefika. Vigae vyeupe vya baraza havikuonekana tena. Vipande vya mapazia, vyekundu, vya dhahabu, vyenye maua, vilikuwa vimepanda mpaka kwenye madirisha, na maji ya kijito yanachuruzika ukutani. Akina mama walishusha, wakapanga, wakarudi kubeba tena. Hakuna aliyeimba. Walikuwa na hasira, na kazi ilikuwa nyingi.

Kisha nikamwona Jovitus anapanda njia, polepole, mkewe mpya akimshika kiwiko. Alikuwa peku, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Mkononi alishika viatu vyake vya harusi. Alivifuta kwa mkono wa shati, akaviweka juu kabisa ya rundo, kimoja karibu na kingine, vyote vinatazama upande mmoja. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa. Hakusema neno.